Muundo Usio wa Kudumu

Dumu lilikuwa la njano, la lita tano, mdomo wake umezibwa kwa nailoni na mfuniko juu yake. Lilikuwa limekaa siku mbili kwenye rafu ya vielelezo, na hakuna askari hata mmoja aliyejisumbua kulifungua. Karatasi iliyobandikwa ubavuni ilisema: *Kimiminika kinachodhaniwa kuwa cha kuwashia moto.*

"Nani kadhani?" aliuliza Inspekta Melania Bukuru.

Koplo Martini alikohoa. "Walinzi wa ule mradi wa ufukweni, afande. Ndio waliomkamata yule kijana akiwa nalo."

"Na sisi tukanakili."

"Tukanakili, afande."

Melania akafungua mfuniko. Dumu likatoa pumzi kali, nailoni ikaruka. Akamimina kidogo kwenye kisosi cha chai. Kilichotoka kilikuwa kizito, cha rangi ya udongo, kina povu. Akanusa, kisha akamsogezea Martini kisosi chini ya pua.

"Uji," Martini alisema. "Wa ulezi. Umechacha."

"Wewe ni Muha wa Simbo. Ukitaka kumchomea jirani yako nyumba, unabeba uji?"

"Hata maji ya moto hayachomi nyumba, afande, sembuse uji."

"Basi futa hiyo kimiminika-kinachodhaniwa, uandike uji. Herufi tatu tu, hutachoka."

Martini aliandika haraka, maana alimjua bosi wake. Inspekta Melania angemvumilia mwizi wa kuku na mlevi wa gongo, lakini mtu anayeficha jambo nyuma ya maneno marefu alimtia kichefuchefu, na hakuwa na haya ya kukionyesha. Asubuhi hiyo alikuwa na sababu ya kukionyesha zaidi. Ilikuwa saa nne. Saa tisa alasiri mkuu wa upelelezi angetia saini jalada, na kijana aitwaye Niyibizi angepandishwa kizimbani kwa kumuua Mzee Nizigama, aliyeteketea Jumatatu alfajiri ndani ya kibanda cha nyavu mwaloni Kamunyu, ufukwe wa wavuvi wa dagaa chini ya mtaa wa Kasingirima. Kosa hilo halina dhamana, na mwisho wake ni kitanzi. Na Niyibizi alikuwa mkimbizi aliyetoka kambini bila kibali, kwa hiyo hakuna mkubwa yeyote ambaye angempigia simu mwenzake kumwombea.

"Mlete," alisema.

Kijana aliletwa, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alivuka mpaka kupitia Kagunga mwaka juzi, wakati watu walipokuwa wakimwagika kutoka Burundi kwa maelfu.

"Uji ulikuwa wa nani?"

Niyibizi aliinua kichwa. Siku mbili zote alikuwa ameulizwa mafuta aliyanunua wapi. "Wa umutama. Wa Mzee Nizigama. Dada yangu Gloriose anapika, mimi ninapeleka asubuhi. Kila mbalamwezi."

"Kwa nini mbalamwezi tu?"

Alimtazama kwa mshangao wa wazi, akijiuliza huyu afande kashushwa na treni ya lini. "Siku za giza watu wote wako mwaloni, chakula kipo. Mbalamwezi ikiingia, dagaa hawafuati taa. Wavuvi na akina mama wa kuanika wanapanda Simbo kulima. Anabaki mtu mmoja kulinda nyavu. Sikuzote ni yeye."

Melania alilijua hilo, kazaliwa nalo. Alitaka liandikwe. "Anayejua kwamba anabaki ni nani?"

"Kila mtu. Hata mbwa wa Kasingirima wanajua, huwa anawatupia makombo."

"Na mikono?"

"Nilikuta moto umeshakula paa. Mlango ni wa bati. Nikauvuta. Ukatoka, lakini paa likaanguka kwanza."

*

Mvua ya masika ilikuwa imenyesha usiku kucha, na majivu ya Kamunyu yalikuwa yamegeuka matope meusi. Pale palipokuwa na vibanda tisa palibaki miduara tisa. Nguzo chache bado zilisimama, kila moja na alama nyekundu ya X na namba. Na juu ya uharibifu wote huo, bila hata chembe ya masizi, lilisimama bango jipya la mradi. Lilionyesha wazungu wawili wamelala kwenye viti vya kamba, na maandishi: *Uhuishaji Shirikishi wa Ufukwe. Eneo la Matumizi Mseto na Burudani Tulivu.*

"Uhuishaji," Melania alisema. "Kuhuisha si kutia uhai, Martini?"

"Ndiyo, afande."

"Wameanza vizuri."

Akazunguka mduara mmoja baada ya mwingine, viatu vikizama. Nyasi baina ya kibanda na kibanda zilikuwa za kijani, mbichi, hazikuguswa. Aliinama kwenye mduara wa nne, akachimbua kwa kalamu tope la kando ya nguzo, akanusa. Akamwita Martini anuse.

"Petroli," Martini alisema.

"Moto ulitembea kutoka kibanda hiki kwenda kile?"

Martini alipima kwa macho. "Haukutembea. Nyasi zingeungua. Na kwa masika haya paa halishiki moto hivi hivi. Kila kibanda kimewashwa peke yake."

"Sasa nifanyie hesabu ya mtu mmoja mwenye dumu moja la uji, awashe vibanda tisa kwa pamoja."

Martini hakuifanya. Alichukua mfuko wa nailoni akakusanya tope la miduara mitatu, akaandika namba.

Gloriose alikuwa amewafuata kutoka juu, khanga kichwani. Alikuwa dada mkubwa wa Niyibizi, ameolewa na Muha wa Kasingirima muda mrefu kabla ndugu yake hajakimbia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mama Gloriose. Pole kwa msiba."

"Tumeshapoa." Alitazama mduara wa mwisho, wa tisa. "Mzee alikuwa akikesha, afande. Usiku mzima anazunguka na tochi. Ikisikika azana ya alfajiri kutoka Ujiji anasema, sasa wezi wameamka kusali, ngoja nilale. Anaingia, analala mpaka mchana. Waliochoma walimngoja alale."

Melania alitikisa kichwa. "Au hawakujua kama yupo."

"Asijue nani? Nani hapa asiyejua?"

"Ndilo hilo hilo ninalojiuliza, mama. Mtu wa hapa, hata akiwa na roho ya kuchoma, angejua kuna mtu ndani. Angemtoa, au angemuua akijua. Ila yeyote wa hapa angejua." Alisimama. "Hawa watu wa mradi, waliwahi kuja kuwahesabu?"

Gloriose alicheka bila furaha. "Kuja? Walirusha kale kandege kao ka kupiga picha. Mwezi uliopita, asubuhi moja. Kakazunguka juu, vuu, vuu, kakaondoka. Hakushuka mtu hata mmoja kuuliza hodi."

"Siku hiyo ilikuwa giza au mbalamwezi?"

"Mbalamwezi. Wenzangu wote walikuwa Simbo. Mimi nilikuwa nachota maji pale."

"Na Mzee?"

"Amelala ndani."

Melania akafunga daftari. Alikuwa ameshafika kwenye gari, mama yule alipomwita.

"Afande. Mzee alikimbilia hapa kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Alikaa mwalo huu kabla huyo mwenye bango hajazaliwa. Hao kwenye karatasi zao wamemwandikaje?"

"Nakwenda kuangalia."

*

Kampuni ya Upeo Mwanana Washauri ilikuwa imepanga nyumba nzima mjini Kigoma, karibu na stesheni, na ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi ya kumtia mtu mafua. Bwana Samson, mtaalamu wa mipango miji kutoka Dar es Salaam, aliwapokea kwa tabasamu na chupa za maji. Alikuwa na fulana ya kola yenye nembo ya mradi na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Kigoma, mwezi wa Machi! Melania aliviangalia kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia mwenye navyo.

"Karibu, madamu. Kama mradi tumesikitishwa sana na tukio. Tuko tayari kutoa ushirikiano kwa wadau wote."

"Mimi si mdau. Mimi ni polisi. Naomba ripoti yenu ya Kamunyu."

"Tathmini ya Hali Halisi? Hiyo iko wazi kabisa, madamu, sisi tunaamini katika uwazi." Akaivuta mezani, kitabu kizima chenye picha za rangi. Aliikabidhi kama baba anayeonyesha mtoto aliyefaulu.

Melania akafungua polepole. "Hapa. *Miundo tisa isiyo ya kudumu.* Ni nini hiyo?"

"Ni zile... structures za muda."

"Zina mlango?"

"Zina... ndiyo, baadhi."

"Paa?"

"Ndiyo."

"Mtu analala ndani?"

"Kitaalamu haziwezi kuhesabiwa kama makazi."

"Martini, andika: vibanda." Akageuza ukurasa. "*Waathirika wa moja kwa moja: sifuri.* Mlihesabuje?"

Bwana Samson alichangamka. Hapo palikuwa nyumbani kwake. "Kwa teknolojia, madamu. Picha za anga. Tulirusha droni tarehe kumi na moja Februari. Hakuna moshi, hakuna nyavu zilizoanikwa, hakuna watu. Tukarusha tena tarehe ishirini na tano: msongamano mkubwa. Sasa mtaalamu asiye makini angechanganyikiwa. Sisi tukabaini kwamba wale wa tarehe ishirini na tano ni wavamizi wa msimu, wameingia kwa kunusa fidia. Hali halisi ni ile ya tarehe kumi na moja."

"Hali halisi," alisema Melania.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo watu wakiwepo ni wavamizi, na wasipokuwepo ndiyo hali halisi."

"Si kwa maneno hayo, madamu, lakini..."

"Hapana, kwa maneno yako ni ghali zaidi." Ukutani kulikuwa na kalenda ya benki, ile inayochorwa mwezi mdogo kwenye baadhi ya tarehe. Alinyoosha kidole bila kuinuka. "Tarehe kumi na moja Februari kuna nini pale?"

Bwana Samson aligeuka. "Kuna... duara."

"Mwezi mpevu. Mlikwenda kuhesabu wavuvi wa dagaa mwezi ukiwa mpevu. Tuna watoto wa darasa la pili hapa wasiofanya kosa hilo. Ni sawa na kwenda shule Jumapili ukaandika kwamba mji huu hauna wanafunzi." Akageuza kurasa kadhaa tena. "Twende mpango kazi. *Uondoaji wa vikwazo vya kimazingira.* Vikwazo ni nini?"

"Chochote kinachozuia uendelezaji."

"Kama vibanda."

"Kwa mfano."

"*Uondoaji ufanyike katika dirisha la tarehe 11 hadi 14 Machi, ambapo athari za kijamii zitakuwa ndogo.* Dirisha hili nani alilifungua?"

"Takwimu zilionyesha kuna mzunguko. Katikati ya mwezi panakuwa patupu."

"Athari za kijamii zitakuwa ndogo. Maana yake?"

Kiyoyozi kilinguruma. Bwana Samson alijipangusa midomo. "Kwamba usumbufu utapungua."

"Kwamba hakutakuwa na mtu wa kupiga kelele. Na uondoaji mlipanga kuufanyaje? Kwa tingatinga? Lipo wapi? Kwa vibarua? Nionyeshe majina."

"Mbinu ya uondoaji ni suala la timu ya uwandani. Na kwa bahati mbaya kabla hatujaanza, ndipo yule mkimbizi akafanya alichofanya. Tumeshatoa taarifa zote kwenu."

Njia ya mwongo ni fupi, na Melania alishauona mwisho wa hii. Alifunga ripoti, akaiweka mapajani, na kwa mara ya kwanza akazungumza kwa upole. Martini, aliyemjua, alishika kalamu vizuri zaidi.

"Bwana Samson, nitakueleza nilipofika. Dumu la yule kijana lina uji. Kibanda kilichoungua si kimoja, ni tisa, na kila kimoja kilimwagiwa petroli peke yake. Hiyo ni kazi ya kundi lililotumwa. Ilifanyika tarehe kumi na tatu, ndani ya dirisha lako. Na ndani kulikuwa na mzee anayelala humo kila mbalamwezi kwa miaka arobaini na tano, jambo ambalo mji mzima unalijua. Kwa hiyo mimi naandika kwamba mlijua yumo, mkangoja alale, mkamchoma makusudi. Hayo ni mauaji ya kukusudia. Unajua adhabu yake."

"Uongo!" Bwana Samson alisimama, maji yakamwagika mezani. "Huo ni uongo mtupu! Hatukujua kuna mtu! Nani angewasha akijua kuna mtu? Ripoti ilisema sifuri! Niliwauliza vijana mara mbili kabla hawajawasha, mna uhakika, wakaniambia bosi hakuna hata paka! Mimi ni Mkristo, siwezi..."

Akajiziba mdomo kwa kiganja, akiwa amechelewa.

"Martini," Melania alisema, "msomee."

Martini alisoma kwa sauti yake ya kanisani, neno kwa neno, pamoja na paka.

Bwana Samson alikaa. Maji ya mezani yalikuwa yakimdondokea kwenye viatu vyeupe na hakuyaona. "Sikumaanisha hivyo. Nilikuwa nazungumzia kwa jumla."

"Ulimaanisha. Ndilo neno pekee ulilolimaanisha leo." Alisukuma karatasi tupu mbele yake. "Una haki ya kukaa kimya, na ukiandika, maandishi yatatumika mahakamani. Una haki ya wakili. Nimekwambia, Martini ameandika saa. Unataka kuandika?"

Alitaka. Watu wa aina yake siku zote hutaka kuandika, wanaamini wakishika kalamu wataponea humo. Aliandika dakika tano, akamrudishia. Melania alisoma kwa sauti.

"*Wakati wa zoezi la uondoaji wa miundo isiyo ya kudumu, kulijitokeza athari isiyotarajiwa kwa mdau mmoja.*" Aliweka karatasi chini. "Kulijitokeza. Ilijitokeza yenyewe? Hii nitaiweka jaladani, hakimu naye aone. Ukitaka kuandika nyingine ambayo mtu ataielewa, karatasi ipo."

Ya pili ilisema moto ulitokea. Aliuliza ulitokea wapi, kama ulishuka na mvua, akaiweka juu ya ile ya kwanza. Ilikuwa saa nane kasoro kumi. Pale stesheni watu walikuwa wakipakua mizigo wakiitana, na katika chumba kile cha baridi mtu msomi alikuwa anatoka jasho akitafuta kiima cha kitenzi kimoja.

Akaishika kalamu mara ya tatu. Akaandika mistari miwili tu, akatia saini bila kuangalia.

Melania aliisoma kimya. Hakuicheka.

"Majina ya vijana uliowaagiza, na ya wakubwa waliokuagiza wewe, yaandike nyuma," alisema. "Halafu vua saa na mkanda. Unakwenda na sisi."

*

Mkuu wa upelelezi alilisoma jalada akiwa amesimama, saa tisa kasoro robo. Alikuna kidevu. Alisema mambo ya mradi huu yana wakubwa. Melania akamjibu kwamba wakubwa hao pia wamo, ukurasa wa nne, na kwamba wameandikwa kwa majina yao ya ubatizo. Mkuu akatia saini hati ya kumwachia Niyibizi, ila kosa la kutoka kambini bila kibali likabaki, kwa hiyo kesho yake angerudishwa kambini Nyarugusu kwa gari. Melania alilipinga hilo mpaka sauti ikapanda, na akashindwa.

Gloriose alikuwa kaunta. Ndugu yake alikuwa ameketi benchini, mikono ya bendeji mapajani, akitazama mlango bila kuthubutu kutoka. Martini alimkabidhi mama yule dumu la njano. Lilikuwa limeoshwa. Alilipokea akalikumbatia.

"Ulikwenda kuangalia?" alimwuliza Melania.

"Nilikwenda."

"Wamemwandikaje?"

Kwenye ripoti, ukurasa wa thelathini na moja, aliandikwa hivi: *Na. 9. Muundo mmoja usio wa kudumu. Hautumiki.* Melania alikuwa nayo mkononi. Aliigeuza ikatazama chini juu ya kaunta, akachukua karatasi ya juu ya jalada.

"Wameandika hivi," alisema, akasoma. "*Niliagiza vibanda tisa vya Kamunyu vichomwe, na vikachomwa. Mzee Nizigama alikuwa amelala katika kibanda cha tisa, tukamuua.*"

Askari wa kaunta aliacha kuandika. Gloriose alisogea karibu, akaitazama ile karatasi ingawa hakujua kusoma.

"Jina lake liko wapi?"

Melania akamwonyesha kwa kidole.

"Soma tena hapo."

Akasoma tena.